Sauti ya Kompyuta ya Mochari, na Waliokataa Kuizima

Nyinyi mliobaki na ile troli yenye gurudumu bovu, ninawaandikia nyinyi. Gurudumu lenyewe ni la nyuma, mkono wa kushoto. Ukisukuma kwa haraka inavuta kuelekea ukutani, kwa hivyo msisukume kwa haraka. Marehemu hana haraka. Wenye haraka ni watu wa gari.

Mimi ni Japheth. Nimefanya kazi ya mochari miaka ishirini na sita, saba ya kwanza Migori, iliyobaki huku barabara ya Ndhiwa. Sijazeeka, ni mgongo umenitoa. Mambo ya cheo sitayagusa kwa sababu nilianza nikiwa mhudumu na nimetoka nikiwa mhudumu. Jina la hospitali pia sitaliandika, mwenye hospitali ana wakili. Lakini watu nitawataja. Wao hawana wakili, wana mdomo tu, na mdomo hata mimi ninao.

Siku ya kwanza Migori nilipokelewa na Mzee Chacha, Mkuria mfupi aliyekuwa anatafuna muwa mlangoni mwa mochari kama mtu aliye sokoni. Aliniangalia viatu, halafu akaniuliza, “Umesoma mpaka wapi?”

“Darasa la sita.”

“Unaweza kuandika jina la mtu bila kukosea?”

“Naweza.”

“Basi umemshinda yule wa kabla yako. Yeye alikuwa na fomu foo, na akapeana mwili wa Isebania kwa watu wa Rongo. Tuliufuata mpaka kaburini.”

Akanipa gumbuti namba tisa, na mimi navaa saba. Akanipa glavu, kalamu ya wino usiotoka, na rola ya bandeji. Bandeji unakata vipande, unaandika jina, unafunga kwenye kidole gumba cha mguu. Siku hizi wanaleta vikaratasi vya gundi. Gundi inabanduka kwa unyevu, bandeji haibanduki. Wakiwaletea vikaratasi pokeeni, semeni asante, mtumie bandeji.

Kitu kingine alichonifundisha Mzee Chacha ni kuongea na mwili kabla ya kuushika. Yeye alikuwa akisema, “Tunakugeuza, ndugu, vumilia kidogo,” halafu ndio anageuza. Nikamuuliza kama wanasikia. Akasema hajui, lakini ni tabia mbaya kumgeuza mtu bila kumwambia. Nimefanya hivyo miaka yote. Na wale wa kucheka wacheke, mimi sijawahi kupeana mwili wa mtu kwa watu wa kwingine.

Mnajua pia mambo ya kukataa. Huku kwetu marehemu anaweza kukataa kuondoka. Gari linazima mara tatu, au sanduku linakuwa zito mpaka watu sita hawaliwezi, na hapo mzee wa familia anashuka anaongea naye, anamuuliza shida ni nini, anamwomba. Mimi nimeona gari likikataa njia ya Sori, mzee akasema maneno mawili na likawaka. Nimeona pia gari ambalo mzee aliongea nalo asubuhi nzima likakataa kabisa, mpaka mtu akaleta dizeli. Kwa hivyo sisemi ni kweli na sisemi ni uongo. Ninasema tu kwamba watu wakiwa mochari masikio yao yako wazi. Wanasikiliza. Kijiko kikianguka wanauliza kimeangukia upande gani. Ndio maana chombo cha kwanza cha hii kazi si glavu, ni kimya.

Na hapo sasa ndipo naingia kwa Ouko.

Fredrick Ouko alikuwa karani wa mochari huku Ndhiwa, na mpaka leo bado ndiye. Zamani alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na sikuwa na ugomvi na daftari. Halafu ikaletwa kompyuta. Kompyuta pia sikuwa na ugomvi nayo. Lakini Ouko akaiunganisha na wufa, ile spika kubwa ya kukaa chini, ambayo hospitali ilinunua kwa ajili ya matangazo na hakuna tangazo hata moja limewahi kutoka ndani yake.

Hiyo kompyuta ikiwaka inalia. Sauti yenyewe ni ya kupanda, tatu, halafu ya nne inakaa hewani inatetemeka. Ni kama mtu amefungua mlango wa mbinguni, akaona si kwake, akafunga polepole. Kwa spika ndogo ungesema ni sauti nzuri. Kwa wufa ilitikisa vikombe.

Ofisi ya Ouko na chumba cha kuagia mwili vimeachanishwa na ukuta mmoja, na huo ukuta una matundu ya hewa juu. Aliyejenga sijui alifikiri nini. Sauti ilipita hapo bila hata kupunguza mwendo. Na hii kompyuta ilikuwa na tabia yake: stima ikipotea inazima, stima ikirudi inajiwasha yenyewe na kulia, hata kama ofisi imefungwa na Ouko hayuko. Ng'ambo ya barabara kuna wachomeleaji. Wakigusa chuma, stima inashuka, kompyuta inazima. Wakiacha kupumzika, stima inapanda, kompyuta inawaka. Siku yao kubwa ni Ijumaa. Na Ijumaa, kama mnavyojua, ndio siku ya kutoa miili.

Wiki ya kwanza pasta mmoja alikuwa anaomba, amefika mahali pa “mpokee mtumishi wako,” na kompyuta ikalia. Watu wote wakasema amina, pasta pia. Wiki ya pili kwaya ya akina mama ilichukua sauti kutoka kwa ile ya nne, wakaanza wimbo juu sana, kufika ubeti wa pili wamebaki wawili tu wanaoimba. Mama mmoja alifungua mkoba akatafuta simu yake, akaitoa, akasema, “Halo?” Marehemu alikuwa mume wake. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikaenda kwa Ouko. “Omera, ndugu yangu, zima hiyo sauti.”

“Hiyo ni ya mfumo,” akasema. “Ukizima sauti, mfumo unaanguka.”

“Unaangukia wapi?”

“Japheth, wewe ni mtu wa maji na sabuni. Haya mambo yana shule yake.”

Shule kweli sina. Ilinichukua mwaka mzima kujua kwa nini alikataa, na nilijua kwa macho, si kwa shule. Ouko hakai ofisini. Anakaa getini, kwenye kibanda cha chai cha mke wake. Stima ikipotea anaenda kunywa chai. Kompyuta ikilia, anajua stima imerudi na kuna mtu anaweza kumtafuta, anaweka kikombe chini, anatembea polepole kurudi. Wufa aliiweka ili asikie kutoka getini. Huo ndio ulikuwa mfumo. Mamia ya watu wamelia mbele ya ile sauti ili mtu mmoja amalize chai yake bila wasiwasi.

Nikapeleka malalamiko kwa Madam Dorcas, msimamizi wetu. Madam Dorcas hapendi kelele na hapendi pia kuamua, kwa hivyo aliunda kamati. Kamati ilikuwa yeye, mimi na Ouko, na tulikaa ofisini kwa Ouko kwa sababu ndiko kulikuwa na viti. Katikati ya mkutano stima ikapotea, ikarudi, kompyuta ikalia, vikombe vikatikisika. Madam akamwambia Ouko aandike. Ouko akaandika: “Kamati imesikia.” Mkutano ukaisha.

Nikajaribu mwenyewe. Niliziba yale matundu na blanketi, wakaja watu wa afya ya umma wakasema hewa haizunguki, nikapata barua ya onyo. Siku moja ofisi ilikuwa wazi nikachomoa waya wa wufa, ikagundulika wufa ina namba nyeupe imepakwa mgongoni, maana yake ni mali ya hospitali na mhudumu haruhusiwi kuigusa, nikapata barua ya pili. Nilifunika kompyuta na shuka ikapata joto, lakini ililia tu. Fundi aliitwa kutoka Kisumu. Alifika wakati wa chai, akakuta mlango umefungwa, akaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni, akarudi Kisumu.

Kwa sababu fundi alikuwa ameandika jina, Ouko akaona njia. Alichukua kitabu cha malalamiko, mbele ya lalamiko langu akaandika, “Sauti imezimwa. Imekaguliwa.” Akaweka muhuri. Hiyo jioni yenyewe kompyuta ikalia. Nilikimbia na kitabu mpaka kwa Madam.

“Madam, angalia hapa. Halafu umesikia sasa hivi.”

“Nimesikia, Japheth.”

“Na hapa imeandikwa imezimwa.”

Akavaa miwani, akasoma, akatoa miwani. “Basi imezimwa,” akasema. “Hii imepigwa muhuri.”

Nilikaa na hiyo kitu kwa roho karibu mwaka. Sasa sikilizeni ile Ijumaa.

Ilikuwa mwili wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, wa Kosele, anaitwa Zakayo. Aliugua muda mrefu. Mke wake alikuwa Roselida, lakini kwa vile alizaliwa Kendu Bay, watu wa mume walimuita Nyar Kendu, binti wa Kendu, kama desturi. Alikuwa na kibanda Kosele cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Alikuja na kitambaa cheusi kichwani, hajala, midomo imekauka. Nilimpa kiti. Nilimwambia, “Pole, mama. Nimemuosha vizuri.” Akasema, “Asante, baba. Alikuwa mtu wa kupenda kola safi.” Nikarudi ndani nikanyoosha kola.

Walikuja pia wakubwa wawili wa familia. Mmoja alikuwa jaduong' Nashon, baba mdogo wa marehemu, mzee mpole mwenye fimbo na masikio mazito. Wa pili alikuwa Absalom, ndugu ya marehemu, na huyu sikumpenda tangu alivyoshuka kwa gari. Kila mtu alijua anasema Nyar Kendu alimwacha ndugu yake afe, eti alikuwa anashinda kwenye kibanda badala ya kushinda kitandani. Hakusema kwamba huo ugonjwa ulilipiwa na kibanda.

Mwili ukitoka, mjane anaweka mkono juu ya sanduku na kutembea nalo mpaka kwa gari, halafu anaingia na kukaa kando yake njia yote. Hiyo hakuna aliyeandika lakini kila mtu anaijua. Mjane akiachwa nyuma siku hiyo, kila mtu kwa boma anaona, na kesho yake hana neno tena. Wataanza kumnyang'anya kiti, wataenda kwa nyumba, watamalizia na watoto.

Roselida akaweka mkono juu ya sanduku. Kompyuta ikalia.

Alitoa mkono kwa kushtuka, kama mtu ameguswa na moto.  Nje nikaona mwangaza wa wachomeleaji, walikuwa wanatengeneza geti. Akaweka mkono mara ya pili, polepole. Sauti zikapanda, moja, mbili, tatu, na ile ya nne ikakaa hewani.

“Mmesikia,” Absalom akasema.

Akamgeukia mjane.

“Weka tena, Nyar Kendu. Usiogope. Weka mbele ya watu.”

Mimi niliona inakuja. Mwangaza nje ulikuwa umezima, mchomeleaji amepumzika kufuta jasho. Nilitaka kumshika mkono, lakini mwanamume hamshiki mjane mkono mbele ya sanduku la mume wake. Akaweka. Ikalia, na dirisha likatetemeka.

“Mara tatu,” Absalom akasema. “Ndugu yangu amekataa. Sanduku liende, huyu abaki. Akitaka aje na matatu ya abiria kama mgeni.”

Roselida hakulia. Alibaki ameshika mkono wake mwenyewe, anauangalia.

Nikasema, “Jaduong', hiyo si marehemu. Hiyo ni kompyuta ya ofisi. Iko hapa nyuma ya ukuta, stima ikirudi inalia. Hata mimi imenichosha.”

“Wewe ni nani?” Absalom akauliza.

“Mimi ndiye mhudumu.”

“Wa kuosha?”

“Wa kuosha.”

“Basi tuonyeshe,” akasema. “Tukisikia ni kompyuta, nitampisha Nyar Kendu kwa mlango wa gari mimi mwenyewe. Tusiposikia, hiyo imeisha, na kila mtu hapa ni shahidi.”

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilijua hiyo kompyuta haijawahi kukosa kulia.

Lakini Ouko alikuwa ameshafika kutoka getini. Alisikia kelele, akasikia neno kompyuta, akakumbuka kwamba kitabuni kuna muhuri wake unaosema sauti imezimwa. Tulipokuwa tunapanga watu kwenye korido, yeye aliingia ofisini peke yake. Niliona kwa pengo la mlango. Aliketi, akashika ile panya ya kompyuta, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akatoa alama moja ndogo ya vema kwenye kisanduku. Alitumia muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Miaka mitatu, kamati, barua mbili, fundi wa Kisumu, blanketi langu. Mfumo haukuanguka. Alizima mashine, akatufungulia mlango, akasema, “Karibuni.”

Akaiwasha mbele yetu. Kioo kikawaka buluu, kikaandika karibu, kikatulia. Kimya. Hicho ndicho kimya nilikuwa nimeomba kila Ijumaa kwa miaka mitatu, na kilikuja siku hiyo.

“Hii kompyuta hailii,” Ouko akasema. “Nilizima mwaka jana. Iko kwa kitabu, na muhuri.” Akakifungua kile kitabu, akampa Absalom asome.

“Ouko,” nikasema, “nimekuona sasa hivi ukibonyeza.”

“Umeona nini, Japheth? Niambie ni wapi nimebonyeza. Inaitwaje?”

Sikujua inaitwaje. Nilisimama pale na gumbuti zangu. Absalom alikuwa ameshageuka kutoka, na watu wanampisha, na mtu fulani nyuma akasema mochari siku hizi inaajiri walevi. Mimi sinywi.

Ndipo Roselida akasema, “Nipisheni.”

Aliingia na kitambaa chake cheusi, akavuta kiti cha Ouko, akaketi. Kioo kilikuwa kinaomba neno la siri. Akamwangalia Ouko. “Ni nini?”

“Mama, hiyo ni siri ya ofisi. Hata Madam haijui.”

Mimi niliijua. Kila asubuhi Ouko anaichapa kwa kidole kimoja huku anaitaja herufi kwa herufi kama mtoto wa nasari. “Ni Lilian wa Rongo,” nikasema. “Imeshikana yote, L kubwa.”

Sikuwa nimeona kwamba mke wa Ouko amesimama mlangoni na birika la chai, amekuja kuona kuna nini. Yeye si Lilian, na hajawahi kuishi Rongo.  Aliweka birika sakafuni, akarudi getini. Tangu hiyo siku Ouko anakunywa chai kwa kibanda cha ng'ambo.

Roselida akachapa. Alichapa bila kuangalia vidole. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine ndani yake, akakuta kile kisanduku kitupu. “Hiki hapa,” akasema, kwa sauti ya mtu anayemweleza mteja. “Wametoa vema leo.” Akairudisha. Akazima mashine, akaweka mikono juu ya mapaja, akangoja. Ofisi nzima tulingoja. Nilikuwa nasali wachomeleaji wasiguse chuma.

Akaiwasha. Ikalia. Tulikuwa karibu sana na wufa, ile ya nne niliisikia kwenye meno.

 Absalom alikuwa anaangalia kitabu mkononi mwake kama kwamba kitaongeza neno. Na hapo jaduong' Nashon, ambaye kwa masikio yake sidhani alikuwa amefuata hata nusu ya maneno yetu, akagonga fimbo chini.

“Hiyo ndiyo ile,” akasema. “Ni ile ile. Mkewe akigusa hapa inaita, akigusa sanduku inaita. Absalom, ulisema hii ni sauti ya ndugu yako?”

“Nilisema, baba, lakini…”

“Mbele ya watu?”

“Mbele ya watu.”

“Na ikaita wewe ukishika?”

Absalom akarudisha kitabu mezani.

“Basi hakuwa anamkataa,” mzee akasema. “Alikuwa anamuita, na sisi tumemchelewesha. Tuondoke, huko nyumbani jua linachoma watu.”

Mimi nikafungua mdomo. Nilitaka kusema hapana, jaduong', hapo umekosea, hii ni mashine, hicho ndicho tumetoka kuonyesha, hata yule mfu hajui kuna kompyuta. Nilikuwa nimengoja miaka mitatu mtu anisikilize. Roselida aliinuka kwa kiti, na kwa kupita akanikanyaga gumbuti. Hakuwa amekosea hatua. Alikanyaga, akakaza.

“Baba,” akaniambia polepole, “wacha. Mzee amesikia vizuri.”

Absalom alimfungulia mlango wa gari yeye mwenyewe. Roselida aliingia akakaa kando ya sanduku, mkono juu ya kifuniko. Gari liliwaka mara ya kwanza.

Jumatatu nilipata barua ya tatu, kwa kosa la kuruhusu mtu wa nje kugusa kompyuta na kutangaza siri ya ofisi. Ouko hakupata barua, kwa sababu kwa kitabu bado imeandikwa sauti imezimwa, na mtu hawezi kuadhibiwa kwa sauti ambayo haipo. Madam Dorcas alisema hivyo, mimi siongezi.

Halafu habari ikatembea. Ilitoka Kosele ikafika Ndhiwa sokoni, ikashuka mpaka Kendu Bay. Familia zikaanza kuuliza. Kwanza kwa aibu, “Eti hapa marehemu anaita?” Baadaye bila aibu. Mjane akiweka mkono, watu wanasimama, wanangoja. Ikilia, wanaondoka na amani. Isipolia, wanakaa. Siku moja fundi wa Kisumu alirudi, akapata mlango wazi, akasema anaweza kuizima hiyo sauti sasa hivi. Madam Dorcas alimfukuza. Kwa hivyo nyinyi mnaonirithi, jueni hivi: hakuna mtu aliyepigania kuzima hiyo kompyuta kama mimi, na sababu ya kwamba haitazimwa kamwe pia ni mimi.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, na si mambo ya wachomeleaji, hata wao walikuwa wamelala kivulini. Kulikuwa na familia kutoka karibu na Kendu Bay, marehemu alikuwa mzee, na mtoto wake wa kike alikuwa amefika siku hiyo kutoka mbali, baada ya kukosana na baba yake miaka mingi. Shangazi zake walikuwa wamemsimamisha kando ya sanduku, mkono juu. Walikuwa wanangoja kusikia kama baba anamtaka kwenye gari. Saa moja ikapita. Mkono wa yule msichana ulichoka, akaushikilia kwa ule mwingine, na hakuna aliyemwambia apumzike.

Nikawaendea wale shangazi. Nikasema leo ninaacha kazi, sina la kuogopa, niwaambie ukweli. “Hiyo sauti ni kompyuta,” nikasema.

“Tunajua ni kompyuta,” mmoja wao akanijibu. “Tunangoja ilie.”

Niliingia ofisini. Ouko alikuwa ameketi mbele ya kioo cheusi.

“Toka kwa kiti,” nikamwambia.

“Omera, unafanya nini?”

“Kazi yako.”

Nikakisogeza kiti ukutani, nikapanda, mgongo ukinilaani, nikaweka mdomo kwenye yale matundu ya hewa. Nilitoa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya nne nikaishikilia mpaka pumzi ikaisha.

 Halafu upande wa pili nikasikia yule msichana akilia, na miguu ikisogea, na sanduku likiinuliwa, na shangazi mmoja akisema kwa sauti ya chini, “Leo baba ana mafua.”